Kirumbizi: mkono umezoea, akili iko wapi?

Kwenye harusi moja mtaa wa Langoni, hapa Lamu, kijana aliyecheza kirumbizi, mchezo wa kupigana kwa fimbo, tangu utotoni alichapwa vidole mbele ya watu. Pigo lenyewe lilikuwa la juu, la kushoto, na alishalikinga mara zisizohesabika. Mkono wake ulipanda vilevile kama siku zote. Ila safari hii mwenziwe alichelewa kidogo, kisha akashuka chini. Kijana akakinga pigo ambalo halikuja.

Barazani maneno yakawa mawili. Wengine walisema mazoezi hayajamtosha, angezidisha, mwili ungejibu wenyewe. Wengine wakasema mazoezi ndiyo yaliyomlaza.

Hoja ya kwanza si ya kupuuzwa. Mwambie mpiga zumari afikirie kila kidole anachoinua, wimbo utamkatikia hapohapo. Mwaka 2001, watafiti wawili wa Marekani, Sian Beilock na Thomas Carr, walieleza jambo hilohilo kwa wacheza gofu: ustadi ulioingia mwilini huvurugika mtu anapoanza kuuchunguza hatua kwa hatua akiwa kwenye presha.

Lakini mazoea matupu nayo huonekana. Mwaka 2009 Ellen Langer na wenzake walichapisha utafiti ambapo wanamuziki wa okestra waliombwa watie vijitofauti vidogo, vya kujulikana na wao tu. Wasikilizaji wengi waliupenda uchezaji huo kuliko ule wa kurudia kilichozoeleka.

Nasi tunaijua shida hii kwenye mswala. Fatiha tunaisoma mara 17 kwa siku katika sala za faradhi peke yake. Ulimi hautelezi, na moyo uko sokoni. Sijapata kusikia shekhe akimwambia mtu aisahau Fatiha ndipo apate khushuu, yaani unyenyekevu wa moyo. Tunaambiwa tuuhudhurishe moyo kwenye maana.

Ndiyo maana naona mkono na miguu tuyaachie mazoezi, na akili ipewe kazi yake: bega la mwenzako. Bega husema kabla ya fimbo. Anayelitazama hana nafasi ya kujichunguza, wala ya kuwaza kamera za simu zilizomzunguka.

Kwenye goma, ngoma yetu nyingine ya fimbo, ushauri huu hupungua nguvu, nakiri. Wanaume wamejipanga safu moja na kanzu zao, wanayumba polepole na fimbo mkononi, na hakuna wa kukushambulia. Kinachobaki ni kusikiliza ngoma. Na mtu aliyecheza siku kadhaa za Maulidi kule msikiti wa Riyadha, jasho limemkaukia mwilini, mazoea kwake ni rehema. Bila hayo angeshaanguka.

Wiki iliyofuata tulibadilisha mazoezi ya yule kijana. Mwenziwe aliruhusiwa kuliacha pigo moja bila kulipiga katika kila mzunguko, bila kumjulisha ni lipi. Mzunguko wa kwanza alikinga hewa tena, na wa pili vivyo hivyo. Wa tatu aliishusha fimbo, akamkazia macho mwenziwe begani, akangoja.