Mtu Akija na Maji

Kwetu Luanda, ile ya Vihiga, mtoto hujua kunawisha watu kabla hajajua kusoma. Chakula kikiiva, mmoja wetu alishika jagi mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani, akaanza na babu, akapita kwa wajomba, akamalizia kwetu tuliokaa mkekani tukinusa. Ukimwona anakuja huulizi kitu. Unanyoosha mikono, unasugua, unakung'uta mara mbili, unasema ahsante. Asiyenawa haonji. Naeleza haya mapema ili mkinicheka mcheke mkijua kwamba kosa halikuwa la kichwa changu. Lilikuwa la mikono.

Nafanya kazi katika duka la hadiwea hapa Kisumu: mabati, misumari, rangi, saruji. Mimi ndiye wa kaunta, na kwa kuwa niliwahi kusomea kompyuta miezi mitatu, ndiye pia mwenye hesabu. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi ambaye sote tunamwita Jaduong', yaani mzee wa heshima kwa Kijaluo, na jina hilo hakupewa kwa kubembelezwa. Kijaluo anakijua kunishinda. Mimi ni Mluhya, nina miaka sita mjini, na Kijaluo changu kinaishia kwenye salamu na bei ya samaki. Yeye akianza kubishana na mteja juu ya bati lililopinda, mimi husimama kando kama mgeni wa harusi nikisubiri kutafsiriwa. Samaki wenyewe hali. Amezaliwa mwendo mfupi kutoka ziwani na hajawahi kuonja ngege wala mbuta, jambo ambalo mke wangu hulihesabu kuwa msiba.

Babu yake alikuja enzi za reli. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga kutoka Mombasa, karibu 2,500 wakafia kazini, na reli ilipofika hapa mwaka 1901, wakati huo pakiitwa Port Florence, wengi wakafunga mizigo wakarudi. Babu akabaki. Ukimuuliza Jaduong' kwao ni wapi atakuambia Kibos, hapa hapa Kisumu, na ukibisha anakuonyesha gazeti la 2017 alilobandika ukutani, lile lililotangaza kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44. Chini yake kuna maandishi ya kalamu nyekundu: HAKUNA MKOPO. Sijui habari hizi mbili zinahusianaje.

Diwali ya 2024, sikukuu ya taa ya Wahindu, ilipokaribia aliniita kando. "Kijana, siku hiyo jioni tunaenda hekaluni. Mimi, wewe na kompyuta."

Nilidhani kompyuta imeharibika inaenda kuombewa. Sikuwa mbali sana na ukweli. Kwa wafanyabiashara wa Kigujarati, Wahindi wa asili ya Gujarat kama Jaduong', Diwali ndiyo siku ya kufunga hesabu. Daftari la zamani linafungwa, jipya linapelekwa mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali, pamoja na Ganesh mwenye kichwa cha ndovu na Saraswati wa elimu, linabarikiwa ndipo lianze kuandikwa. Ibada hiyo huitwa Chopda Pujan, na chopda ndiyo leja. Baba yake Jaduong' alikuwa akibeba madaftari marefu yenye majalada ya kitambaa chekundu. Sasa hesabu zetu zimo kwenye laptopu, kwa hiyo laptopu ndiyo inayokwenda, na mwenye kujua paswadi ni mimi.

Mwaka wao nao una hesabu yake. Sisi tulikuwa 2024, wao walikuwa wanaingia 2081. Wametutangulia miaka 57, na bado kuna fundi mmoja wa Maseno ambaye deni lake hatujalipwa katika kalenda yoyote.

Mwenzangu wa stoo, ambaye aliwahi kwenda, alinipa ushauri mmoja tu. "Mchana usile. Kule watu hula mpaka wanaomba godoro." Nikamtii. Bahati mbaya saa tisa ikaingia lori ya saruji, nikashusha nao mifuko mpaka saa kumi na moja, nikapiga uso maji, nikabadilisha shati, nikapakata laptopu ndani ya tuktuk nikaenda.

Nilitarajia nyumba ya kale yenye giza na moshi. Nikakuta lifti. Nikakuta milango ya vioo, ukumbi wa harusi, madarasa ambamo watoto hufundishwa Kigujarati, na uwanja wa badminton wenye taa kali kuliko za stendi yetu. Sakafu ilikuwa marumaru, imesuguliwa hadi nikajiona humo miguu juu. Mlangoni unavua viatu, unapewa kibati chenye namba. Changu kilikuwa 118.

Nikavua buti. Soksi zangu asubuhi zilikuwa nyeusi. Saa hizo zilikuwa na rangi ya bidhaa tunazouza. Nilipofika katikati ya ukumbi nikageuka, nikaona nyayo zangu zimenifuata kutoka mlangoni, kijivu juu ya marumaru nyeupe, hatua kwa hatua, kama fisi aliyepita kwenye unga. Nyuma yangu alikuja kijana mwenye mopu akizifuta moja moja, hasemi, hainui macho, hadi aliponifikia akasimama. Nikakaa chini haraka ili nisiendelee kuzalisha.

Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande wa pili, sote tumekunja miguu. Mbele yetu madaftari na kompyuta zimepangwa mistari kama watahiniwa. Juu ya kila kimoja ua, punje za mchele, na alama ya unga mwekundu. Jaduong' alikuwa na karatasi, akaandika neno moja huku na jingine kule, akaninong'oneza: hili ni Shubh, ndiyo heri; hili ni Labh, ndiyo faida.

"Hiyo ya pili tuikoleze wino," nikamwambia. Akacheka, na kweli akaikoleza.

Kilichoniponza zaidi ni kwamba nilianza kujisikia mwenyeji. Wazee walionizunguka walikuwa wakiongea Kigujarati, na mimi nanasa humo dukan, nanasa gadi, nanasa lakh, nanasa hisab. Duka, gari, laki, hesabu! Nikaona kumbe lugha yenyewe naijua, ni vile sijawahi kuulizwa. Taa za samli zilipopitishwa nikamtazama wa mbele yangu, akapitisha viganja juu ya mwali akagusa uso, nami nikapitisha nikagusa. Hakuna nywele iliyoungua. Nikajipa alama tisa kwa kumi.

Kisha akaja mzee aliyeongoza ibada, wenyewe humwita Maharaj, mkononi ana chombo cha fedha na kijiko kidogo. Anapita mstari kwa mstari. Anamimina kitu mikononi mwa watu.

Sasa hebu jiweke mahali pangu. Hujala tangu chai ya saa moja asubuhi. Harufu ya jikoni inapanda kwenye ngazi. Mzee anapita na chombo, anamimina mikononi. Ulimwengu mzima ninaoufahamu mimi, jambo hilo lina maana moja tu.

Nikanyoosha mikono yote miwili.

Kijiko kikashuka. Kilichotua kilikuwa cheupe, kizito kidogo, cha ubaridi. Nikasema moyoni, hawa wameendelea, sisi tunaanza na maji, wao wanaanza na sabuni. Nikasugua. Nikasugua viganja, nikaingia katikati ya vidole, nikapanda migongoni, nikafika viwiko. Wakati wa korona tulifundishwa sekunde ishirini, nikazitimiza. Povu halikutoka. Sabuni gani hii, nikawaza, itakuwa ya bei ya chini. Mikono ikaanza kunata na kuteleza kwa pamoja, hali ambayo sikuwahi kukutana nayo kwenye mikono wala kwingine.

Maharaj alikuwa bado amesimama mbele yangu. Nikaona ananingoja, nisimpotezee muda.

"Ongeza kidogo, Mzee."

Akanitazama. Akatazama mikono. Akatazama kijiko. Na mtu yule, Mungu amtunze, akaongeza.

Nikanawa mara ya pili. Nikakung'uta, moja, mbili, kama kwa bibi. Tone likaruka likatua juu ya upara wa bwana aliyekaa mbele yangu. Akajipapasa, akanusa vidole, akageuka akaniona, halafu kwa utulivu mkubwa akalipaka kichwa kizima. Kumbe ni baraka, haitupwi.

"Kijana," Jaduong' akasema bila kugeuza shingo. "Hiyo ni ya kunywa."

"Ya kunywa?"

"Panchamrit. Maziwa, mtindi, samli, asali, sukari." Alihesabu kwa vidole, taratibu, vitano. Vyote vitano nilikuwa navyo, kuanzia kucha hadi kiwiko. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, nikalamba kidole kimoja. Ilikuwa tamu ajabu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ningesimama nitafute bomba, lakini ndiyo saa watu walipoambiwa wafungue ukurasa wa kwanza wa mwaka mpya. Madaftari yakafunguliwa kwa mlio mmoja. Kompyuta yetu ilikuwa imelala, inadai paswadi. Jaduong' akanisogezea.

Nikapangusa mikono kwenye suruali. Suruali ilikuwa imeshusha lori ya saruji. Mnaojenga mnajua kinachotokea saruji ikikutana na kitu kimiminika, na mimi, mtu wa hadiwea, ndiye niliyesahau. Paswadi hiyo niliitunga mwenyewe na inaishia na sufuri tatu. Nikabonyeza sufuri ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hiyo ya tatu nikasikia kitufe kimezama, kikakaa huko chini kidogo, kikapanda polepole kama mtu anayeamshwa Jumatatu. Lakini kioo kikawaka. Maharaj akapita, akarusha punje za mchele juu ya jedwali letu tupu, ibada ikaisha.

Chakula sitakisimulia sana, nitalia. Hakikuwa na kitunguu wala kitunguu saumu, nikala sahani tatu na ladu nne, vile vidonge vitamu vya mviringo. Ila kabla ya kula kuna jambo moja zaidi. Safari hii niliapa sifanyi kosa. Akaja mtoto wa miaka kama kumi, mkononi jagi, akipita kwa sisi tuliokaa mbali na mabomba. Nikatulia. Nikakusanya kiganja cha kulia kama kikombe, cha kushoto nikakiweka chini yake, kwa heshima zote. Akamimina. Nikanywa. Kilichobaki nikajipaka kichwani.

Mtoto akatazama beseni aliloshika mkono wa pili. "Anko," akasema, "hayo ni ya kunawa."

Siku ya tano ya mwaka wao huitwa Labh Pancham, na neno Labh mnalikumbuka. Ndiyo siku ya kufungua biashara na kuandika mauzo ya kwanza. Jaduong' alikuja mapema, akawasha ubani, akaweka ua kwenye kaunta. Mteja wa kwanza akawa mama mmoja wa Nyalenda anayejenga vyumba vya kupangisha. Alitaka saruji, mifuko miwili, 750 kwa mfuko. Nikaandika mbili, nikaandika 750, na kwa mazoea sikutazama kioo. Nilikuwa namtazama kijana wa stoo asimpe mifuko iliyopasuka. Printa ikakoroma, nikampa mama risiti yake.

Akaisoma. Akaisoma tena akiwa ameisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Yawa! Hii ni saruji ama ni ploti?"

Nikaichukua. Saruji, mifuko 2, jumla shilingi 15,000,000. Pale kwenye kibodi kitufe cha sufuri kilikuwa kimezama, pembezoni mwake kuna ukoko wa kijivu unaong'aa, mgumu kama zege la wiki mbili.

Jaduong' akatoka nyuma, akavaa miwani, akaisoma ile karatasi kuanzia jina la duka hadi chini kabisa. Halafu akamgeukia mama akaanza kumweleza kwa Kijaluo, kwa mikono, akinawa hewani hadi kwenye viwiko. Katika maelezo yote nilipata maneno mawili tu, Maharaj na sabuni. Mama alicheka mpaka akakalia saruji aliyokuja kununua.

Nikasimama pale na risiti ya milioni kumi na tano, nikisubiri kutafsiriwa.

"Sasa unashangaa nini?" Jaduong' akaniambia kwa Kiswahili. "Si ulimwambia aongeze?"