Nyoka wa mzunguko wa YMCA

Naandika mapema kabla stori ya jirani yangu haijafika Himo. Najua mshaisikia. Anasema nilimwachia nyoka mama mkwe garini, nikatimua mbio. Uongo. Sikupiga hata hatua moja, na sababu ya kutopiga ndiyo inayouma.

Kagari kangu mnakajua. Wiki mbili nzima pedeli ya breki ilikuwa ngumu, unakanyaga kama unakanyaga jiwe, na kwenye foleni sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka yenyewe. Mimi nikajifanya fundi. Nikabadilisha pedi. Nikatoa upepo kwenye mabomba ya breki. Nikaongeza mafuta ya breki. (Msianze. Najua.) Ngumu vilevile.

Ijumaa nikalala Kibosho ukweni, gari nikaliegesha chini ya migomba. Usiku shemeji akatusimulia habari za nyoka kifutu aliyechomoka kwenye mzigo wa majani ya ng'ombe uliopandishwa kutoka tambarare. Akaiga na mlio wake. Aliiga vizuri mno, Mungu anamwona.

Asubuhi namshusha mama mkwe sokoni Mbuyuni na mikungu yake mitatu ya ndizi. Yuko kiti cha mbele, kitenge kipya, mwavuli mapajani. Redio nimezima kwa heshima, vioo vimefungwa kwa ajili ya baridi. Tunafika mzunguko wa YMCA hapa Moshi, foleni imesimama, nakanyaga breki.

Ssssssss.

Miguuni mwangu kabisa. Nikainua mguu: kimya. Gari likasogea, nikakanyaga tena: ssssssss. Kichwani likaja jibu moja tu: nikimkanyaga, analalamika.

Sasa hapa twendeni taratibu. Kwanza nilitupa gia kwenye P na kuvuta hendibreki, naomba hilo liandikwe mahali. Kisha nikapiga ukelele. Sikusema "mama, shuka." Nilisema "Mbeee!" kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikafungua mlango nikajirusha. Mkanda ukanirudisha. Nikajirusha tena. Ukanirudisha tena. Mama mkwe ananitazama tu. Mara ya tatu kidole kikakuta kitufe, nikatoka na nguvu zote nilizokuwa nazo, ila mkanda ulikuwa umeshaninasa kiwiko. Nikabaki nimening'inia mlangoni: ndala moja ndani, paji la uso lanusa lami, makalio yameelekea Kibo. Na asubuhi ile, wadau, mlima ulikuwa umefunuka wote. Hakuna hata wingu moja la kunisitiri.

Bodaboda wakajaa. "Mangi, umegongwa?"

"Nyoka!"

Wakarudi nyuma kama maji. Mmoja akaleta fimbo. Mwingine anaulizia tumbaku ya kumtemea. Wa tatu anarekodi, na huyo wa tatu ndiye jirani yangu.

Mama mkwe hajatikisika. Akauliza, "Baba, nyoka yuko wapi?"

"Kwenye breki, mama."

Akanyoosha mwavuli, akasukuma pedeli kwa ncha. Ssssss. Akautoa. Kimya. Akasukuma. Ssssss. Akautoa. Kimya. Alifanya hivyo mara nne, bodaboda wakihesabu kwa sauti. Akanigeukia, bado nimening'inia:

"Baba, huyu nyoka ana swichi."

Sitaeleza kicheko kile. Mama akashuka, akaita bajaji, akapakia mikungu yake, akalipa mwenyewe.

Nikalipeleka gari kwa fundi kule Pasua, mdogomdogo, nakanyaga breki kwa miguu miwili. Hakufungua hata tairi. Akazima injini, akakanyaga pedeli mara tano mpaka ikagoma, akaacha mguu palepale, akawasha. Injini ikianza kuvuta hewa, pedeli inatakiwa izame kidogo yenyewe. Haikuzama. Akafungua boneti, akaubana kwa koleo ule mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi (njia ya injini ya kuvutia hewa) kwenda kwenye busta ya breki. Mlio ukafa. Sailensi ikatulia.

"Nyoka wako huyu hapa," akasema, anagonga lile dude la duara kama sufuria la ubwabwa. Ndani yake kuna dayaframu, utando wa mpira. Injini inavuta hewa upande mmoja, ndiyo inasaidia mguu kusukuma breki. Yangu imepasuka. Kila nikikanyaga, hewa ya nje inapenya hapo miguuni na kwenda kuivuruga injini, mguu unabaki kufanya kazi peke yake. Pedi nilizonunua? "Nzuri sana," akasema, "ila hazikuwa na kosa."

Tumefunga busta ya mtumba, pedeli sasa laini. Bei sitaji, mke wangu anasoma humu.

Jana mama mkwe akapiga simu, mke akaweka spika, sebule nzima inasikiliza. Akaulizia watoto, akaulizia kazi. Halafu:

"Na ule mfugo wako, baba, haujambo?"