Lori lililotoka kabla ya kuingia

Simu ilinikuta Ngamiani, hapa Tanga mjini, barabara ya 12, chai ya tangawizi bado inatoa moshi. Alikuwa mama wa mizani, kule tunakopima malori ya machungwa yanayoshuka kutoka Muheza.

"Mwanangu, ripoti yako ya jana inasema lori limeingia saa nne, likatoka saa tatu. Hili limeingia kinyumenyume?"

Nikamwamkia kwanza, shikamoo mama, maana nilihitaji muda wa kufikiri.

Programu ile ya kutengeneza ripoti niliiandika kwenye laptopu ya Windows, na huko ilikimbia miezi bila kukohoa. Baadaye tajiri akataka seva ihamie Linux, asilipe leseni. Nikakompaili upya, sikupata onyo hata moja, nikaihamisha, nikaenda zangu Raskazone kuogelea. Sasa ripoti ya jioni hutengenezwa na thredi nne, yaani njia nne za kazi ndani ya programu moja, kwa wakati mmoja, kila moja na malori yake. Hapo ndipo mchezo ulipoanza.

Mhalifu alikuwa localtime, ile funksheni ya C inayogeuza sekunde zilizohesabiwa tangu 1970 kuwa tarehe na saa. Yenyewe haikukabidhi tarehe mkononi. Inaiandika mahali, kisha inakupa anwani. Ni kama karani wa mizani anayeandika saa kwa chaki ubaoni, halafu anakuambia, kasome ukutani. Kwenye maktaba ya C ya Microsoft, yaani mkusanyiko wa funksheni zilizo tayari, kila thredi ina ubao wake. Kwenye glibc, ile ya Linux, ubao ni mmoja kwa programu nzima. Thredi ya kwanza inaandika saa ya lori lake; kabla haijageuka kusoma, ya pili imeshafuta na kuandika ya kwake. Ya kwanza inasoma saa ya lori la mwenzake na kuibandika kwenye ripoti bila wasiwasi wowote.

Wengi hapa huilaumu Linux. Mimi siilaumu. POSIX, kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix ambazo Linux huzifuata, haiilazimishi localtime kuwa salama kwa thredi nyingi, na aliyekuwa hajasoma ni mimi. Tena Windows ndiyo iliyonilemaza, kwa wema wake. Ilinifichia kosa langu mpaka siku nilipohama.

Dawa ipo: unampa karani ubao wako mwenyewe, aandike humo. Kwa POSIX inaitwa localtime_r, ambayo maktaba ya Microsoft haina. Wao wana localtime_s, na mpangilio wa vitu unavyoipa umegeuzwa: localtime_r inataka saa kwanza halafu ubao, localtime_s ya Microsoft inataka ubao kwanza halafu saa. Mbaya zaidi, kiambatisho cha hiari cha C11, toleo la 2011 la kanuni za lugha ya C, kina localtime_s pia, jina lilelile, nacho kinataka saa kwanza. Waliokubaliana jina wakashindwa kukubaliana mpangilio, sijui walikunywa kahawa gani siku hiyo. Unaandika funksheni yako ndogo ya mistari mitano, inaita hii au ile kulingana na mfumo, basi.

Lakini nilikuwa na ujanja mwingi. Nikajiambia, kwa nini nisiipe kila thredi hifadhi yake ya ndani, nisihangaike kubeba ubao kutoka funksheni hadi funksheni? Tarehe, jina la mteja, maandishi ya ripoti, vyote nikavitia humo.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuandika neno moja mbele ya kigeu, yaani jina linalobeba thamani: _Thread_local tangu C11 au thread_local tangu C++11. Ya pili ni ya funguo, namba unazoziomba kwenye mfumo, kila thredi ikaweka cha kwake chini ya namba hiyo: pthread_key_create upande wa POSIX, TlsAlloc upande wa Windows. Funguo si nyingi. POSIX inakuhakikishia 128 kwa programu, Windows 64, ingawa hufika 1,088. Kwa programu ndogo zinatosha, ila ukumbuke kwamba kila maktaba unayoivuta inachota kutoka gunia hilohilo.

Balaa langu halikuwa idadi, lilikuwa usafi. Karani, ambaye sasa ndiye thredi yenyewe, akimaliza zamu akaenda nyumbani, nani anafuta ubao? Kwa pthread, yaani thredi za POSIX, unaposajili ufunguo unaweza kutaja funksheni ya kufagia, nayo huitwa thredi inapokufa. TlsAlloc haina mfagiaji. Thredi inakufa, kumbukumbu uliyoiomba inabaki, hakuna anayeijua tena. Mashine ya ofisini, iliyobaki Windows, ikaanza kunenepa kila siku mpaka ikazimika. Nikajifunza kwa uchungu kwamba ipo FlsAlloc, inayokubali mfagiaji. Jina lake linataja faiba, vijikazi vyepesi vinavyoendeshwa ndani ya thredi, si thredi, ndiyo maana nilipita nayo mara kumi bila kuitazama.

Kisha nikaweka bwawa la thredi, kundi la thredi chache zinazotumika tena na tena, zisizaliwe na kufa kila mara. Watu wa Tanga tunajisifia waja leno, waja leo waondoka leo. Thredi za bwawa si waja leno, hizo zimehamia na masanduku. Hazifi, kwa hiyo hata mfagiaji wa pthread haitwi. Karani ni yuleyule, malori ndiyo yanayobadilika, na ubaoni bado kuna jina la mteja wa lori lililopita. Siku moja mtu wa Pangani alipata risiti yenye jina la mtu wa Korogwe, na safari hii mama wa mizani hakunitania.

Nikaing'oa yote. Sasa kila kazi ina mfuko wake, saa, jina na maandishi humo humo, na mfuko unapitishwa wazi kwa kila funksheni. Ndiyo, orodha ya vitu vinavyopitishwa imerefuka, na kijana ninayefanya naye kazi ananiambia, "Kaka, hii mbona ya kizamani?" Mwache aseme. Akisoma funksheni anaona inatumia nini, na haihitaji kujua iko kwenye thredi gani wala mfumo gani.

Hifadhi ya ndani ya thredi nimeiacha mahali pamoja, kwenye kihesabu cha malori yaliyopimwa, ambacho kila thredi hujihesabia yenyewe bila kugombania kufuli la kungojeana zamu, kisha hesabu hujumlishwa jioni. Ni namba tupu. Haina cha kufagiwa, na akija mgeni mwingine haimdhuru.