Keki Rahisi, Mchanga Ndoo Moja

Neno "rahisi" kwetu lina maana mbili: kisicho kigumu, na kisicho ghali. Juzi Jumamosi nimepikishwa kitu ambacho kwenye simu ya mke wangu kinaitwa "Keki Rahisi Sana ya Chokoleti", na mpaka leo namtafuta aliyeipa jina hilo aniambie alikusudia maana ipi. Mimi sijaiona hata moja.

Chanzo ni wageni. Baba mdogo na mama mdogo walipiga simu kutoka Kyela kwamba wanakuja Dar, mama mdogo ana miadi ya macho, na watafikia kwangu. Nikafurahi. Mgeni njoo mwenyeji apone, na wageni wa Kyela wanaponya kwelikweli, kwa sababu hawaji mikono mitupu. Kabla hawajapanda basi nilishaanza kusikia harufu ya mchele wa Kyela. Nikamwambia mke wangu, siku hiyo jioni tuwape chai ya tangawizi na maandazi, mambo yameisha.

Akaniangalia kama nimesema tuwape maji ya betri.

"Maandazi, Baba Neema? Mwaka jana walifikia kwa kaka yako Kimara wakakatiwa keki. Wakija hapa wapewe andazi?"

Nikapendekeza hafukeki za dukani kwa Mangi, nikidhani kwa vile jina lina keki ndani yake tutakuwa tumefika nusu ya safari. Hakujibu. Akanitumia video, akavaa dera, akasema anawahi kikoba. Mlangoni akageuka: "Ni rahisi, hata wewe utaweza." Lile "hata wewe" nimelihifadhi. Kuna siku nitalitoa.

Basi nikaenda kwa Mangi na orodha. Unga wa ngano, upo. Sukari, ipo. Mayai, yapo. "Soda," nikasoma.

"Ya chungwa au nyeusi?"

"Ya keki."

Mangi akafikiri, akanyoosha mkono kwenye rafu akanipa magadi ya kuivishia maharage. Nikampigia mke wangu, akapokea kwa kunong'ona kama yuko msibani, akasema hapana, ni ile ya unga mweupe kwenye kipakti kidogo, na usichanganye na bekingi pauda, zote mbili zinatakiwa. Nikauliza kwa nini keki moja ihitaji watu wawili wa kuiinua. Akakata simu.

Kisha kakao. Mangi akaniletea kopo lenye picha ya mtoto anacheka. Nashukuru nilivaa miwani: ilikuwa ile ya kunywa na maziwa, na kwenye orodha ya vilivyomo, cha kwanza kabisa ni sukari. Hiyo ukiipikia keki utapata mkate wa sukari wenye rangi ya udongo. Nikamwambia nataka kakao tupu, ile chungu. Akatafuta nyuma ya dawa za mbu akatoa kikopo kimoja, gramu 100, shilingi 6,500.

Jamani. Mimi ni mtoto wa Kyela. Mnajua Kyela ndiko kakao ya nchi hii inakotoka kwa wingi? Sisi utotoni kakao ilikuwa tunda. Unapasua ganda kwa gongo, ndani unakuta mbegu zimevikwa utando mweupe, mtamu wenye uchachu kwa mbali kama stafeli. Unafyonza, halafu mbegu unaitemea kwenye ndoo ya babu. Ole wako uiteme chini, kwa sababu mbegu ndiyo ada ya shule. Babu anazifunika kwa majani ya migomba karibu wiki nzima, anazigeuza, ua wote unanuka kama kilabu cha pombe. Zikishavundika anazianika juani, sisi kazi yetu kufukuza kuku na kuangalia mawingu. Mvua ikidondoka tone moja, mnakimbia na majamvi kama nyumba inaungua. Zikikauka zinaingia kwenye magunia, magunia yanaingia kwenye lori, lori linaondoka. Linakokwenda hatukuuliza. Tulijua tu kuna wazungu mahali fulani wanakula mbegu tulizotema.

Sasa leo niko Tabata natoa shilingi 6,500 kununua mate yangu mwenyewe, yamesagwa, yamewekwa kwenye kopo lenye maandishi ya Ulaya! Nikalipa. Mangi akasema Mungu akubariki.

Nyumbani nikafungua video. Yule mama wa kwenye simu ana jiko jeupe, kucha nyekundu na haraka kama kondakta wa Mbagala. "Tunachukua vikombe viwili vya unga." Nikasimamisha hapo hapo. Vikombe vipi? Kabatini kwangu kuna kikombe cha bati cha marehemu mama kinachobeba karibu nusu lita, kuna vya udongo vya wageni, kuna vya kahawa, na kuna kikombe cha plastiki cha Neema chenye sungura. Hawa wapishi wa simu wana kikombe chao kimoja tu, mililita 240 hivi, wanadhani dunia nzima inacho. Sisi tulikuwa na kibaba, vibaba vinne pishi moja, ukitaja pishi kila mtu sokoni anajua unataka kiasi gani. Tukaacha, tukaingia kwenye vikombe. Nikaamua sungura ndiye kipimo cha serikali, nikapima vyote kwa sungura.

Sukari nayo vikombe viwili. Nilivyokuwa naimimina nilihisi namimina chai ya familia ya siku tatu. Unga, kakao, soda, bekingi pauda, chumvi, nikachekecha. Mayai mawili, maziwa, mafuta nusu kikombe, vanila. Mpaka hapo nilikuwa fundi. Rojo limekaa vizuri, zito, la kupendeza, nikaanza hata kupiga mluzi. Ndipo yule mama akasema: "Halafu tunaongeza kikombe kimoja cha maji ya moto."

Nikarudisha nyuma nisikie tena. Maji ya moto, kikombe kizima, kwenye keki! Nikataka kumpigia mke wangu, nikakumbuka "hata wewe", nikamimina. Rojo likawa uji, na uji wenyewe ule wa mgonjwa, ukitikisa bakuli unapiga mawimbi. Baadaye nimeelezwa kwamba maji ya moto ndiyo yanayoifungua kakao itoe ladha na rangi, na uji ule ndio unaofanya keki iwe laini. Nimeelezwa baadaye. Wakati ule nilichofanya ni kuchota unga kwa mkono na kuongeza konzi mbili. Konzi ya pili naijutia.

Hapo simu ikazima kioo. Vidole vyangu vyote ni kakao, nikajaribu kuifungua kwa pua, nikashindwa, nikajaribu kwa kiwiko, ikapiga kwa mwenyekiti wa mtaa.

Tuje kwenye moto. Video inasema oveni, nyuzi 180. Oveni sina. Ninayo sufuria kubwa, na hapo jirani yangu Mama Salma, aliyekuwa ananiangalia juu ya ukuta muda wote bila kusema neno, akaona sasa ni wakati wa kunifundisha. Weka mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, upashe moto, sufuria ndogo yenye keki ikae juu ya mchanga, funika, mkaa uweke juu ya mfuniko. Moto mwingi juu, kidogo chini. Ukikosea ukageuza, chini inakuwa mkaa na juu inabaki uji.

Mchanga nautoa wapi? Nyumba ya tatu wanajenga. Nikaenda na ndoo.

"Mzee, unajenga nini?" fundi akaniuliza.

"Keki."

Akaniangalia, akamwangalia saidia fundi, wakaniangalia wote. "Chota ule wa pembeni," akasema taratibu, kwa sauti ya kuongea na mgonjwa, "huo mwingine tumeshachanganya na saruji." Nikafikiri ingefaa, maana keki yenyewe ilishakuwa na konzi mbili za ziada.

Nikawasha, nikaweka mchanga, nikaweka keki, nikapanga mkaa juu. Mwili wangu una miaka 52 na mkaa nauhamisha kwa koleo, moshi unaingia macho yote mawili, jasho linadondoka kwenye kila kitu isipokuwa keki. Video inasema dakika 30 mpaka 35. Dakika ya 12 Neema akaja: "Baba imeiva?" Akafunua. Dakika ya 15 mdogo wake akaja, akafunua. Ya 18 Mama Salma akaruka ukuta wake wa adabu, akaja mwenyewe, akafunua, akasema "mmh," akafunika. Keki haipendi kufunuliwa. Ikiwa bado changa ukiipiga upepo inakata tamaa. Nilipofunua mimi mwenye haki, nikachomeka njiti ya chelewa niliyochomoa kwenye ufagio mpya, njiti ikatoka safi, nikashangilia, halafu mbele ya macho yangu katikati ya keki ikashuka. Taratibu, bila kelele. Pembeni milima, katikati Bonde la Ufa.

Mke wangu aliporudi hakusema kitu. Akachemsha maziwa, kakao, sukari na siagi, akamimina kwenye lile bonde mpaka likajaa, likawa ziwa. "Hiyo ndiyo mapambo," akasema. Wanawake wana elimu ambayo hawaandiki popote.

Wageni wakafika jioni, na mchele, na ndizi mkungu mzima. Shikamoo, marahaba, poleni na safari, ndaga fijo, yaani asante sana ya Kinyakyusa. Chai ikaja, keki ikakatwa. Baba mdogo akachukua kipande, akakigeuza, akakinusa.

"Iliungua kidogo?"

"Hapana, baba, ndiyo rangi yake. Ni kakao."

"Kakao yetu hii?"

"Hiyohiyo."

Akatafuna polepole, macho dirishani. Mzee huyu amelima kakao tangu sijaenda shule, na ule mwaka wa 2024 bei ya dunia ilipopaa mpaka tani moja ikavuka dola 10,000 ndipo alipobadilisha bati za nyumba yake yote. Kumbe keki ya kakao alikuwa hajawahi kuionja. Ile ya Kimara ilikuwa ya vanila. Akameza.

"Mama Neema, hebu nione hiyo kakao yenyewe."

Kopo likaletwa. Akavaa miwani ya mama mdogo. "Gramu mia. Mmenunua kiasi gani?"

Nikamtajia. Akanyamaza. Akaanza kuandika kwa kidole juu ya kitambaa cha meza, mara kumi ipate kilo, anafuta, anaandika tena. Mama mdogo akamwambia baba, kula. Akajibu nakula, na hakula. Mwishoni akauliza kwa heshima kabisa kama anaweza kuondoka na kile kikopo, ana wenzake kwenye chama cha ushirika angependa wakione. Mke wangu akamimina kakao iliyobaki kwenye kikombe cha sungura, kopo likaingia kwenye mfuko wa koti.

Keki ilibaki nusu. Maandazi kumi niliyokuwa nimemtuma Neema akanunue kimyakimya kwa Mama Salma yakaisha, na sita kati ya hayo nilimhesabia baba mdogo mwenyewe.

Wakati tunatoa vyombo, nikamsikia mama mdogo jikoni akimwambia mke wangu kwamba na yeye angependa kufundishwa ile keki, akirudi awapikie wajukuu.

"Mbona rahisi sana, mama," mke wangu akamjibu.

Nikachukua ndoo yangu, nikaenda kurudisha mchanga wa watu.