Naibu, Funga Hicho Kichupo!

Tangazo limebandikwa leo asubuhi kwenye mlango wa ofisi ya walimu: kuanzia muhula ujao, maandalio yote ya masomo yataletwa kidijitali. Mhuri umegongwa, sahihi imetiwa, na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, kila mwalimu ajigharamie data. Nimelisoma nikiwa wima kama niko kwenye wimbo wa taifa. Kisha nikaenda kutafuta chai, nikaambiwa sukari imeisha.

Sina ugomvi na kompyuta, jamani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Busia, mpakani na Kenya, yaani mwalimu wa sanaa, si wa sayansi, na Uganda hii ukishasema sanaa umeshataja na mshahara. Mwenzangu wa fizikia, mwenye digrii kama mimi, tangu 2022 anahesabiwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mimi nahesabiwa miongoni mwa wazalendo. Na ile kodi ya data ya asilimia 12, iliyoanza Julai 2021? Sheria inasema data ya elimu imesamehewa. Haya, iambie simu yako kwamba unachofungua ni elimu, uone kama itakuelewa.

Semina tumepewa, sikatai. Alikuja kijana kutoka Kampala, viatu vimechongoka mbele, akatumwagia majina ya programu za kufundishia: Kahoot, Padlet, Google Classroom. Kahoot nzuri sana, kila mwanafunzi ashike kifaa chake ajibu. Wangu wanashika dawati moja watu watatu. Google Forms nayo inajisahihishia yenyewe maswali ya kuchagua, nikafurahi, mpaka nikakumbuka insha bado nasahihisha mwenyewe kwa tochi. Kijana akala posho yake na maharage, akapanda teksi, kwaheri.

Jambo la maana hakutufundisha, na ndilo lililomwangusha naibu wa mwalimu mkuu.

Ilikuwa siku ya kikao cha wazazi. Naibu, mtu anayefunga tai hata siku ya kufyeka nyasi, aliamua matokeo ya mtihani yaonekane ukutani, kwa projekta. Mimi nikapewa cheo cha kushika waya, maana ukiuachia tu, picha inageuka zambarau. Matokeo yenyewe alikuwa ameshayafungua tangu asubuhi, ila yalikuwa yamejichimbia kati ya vichupo, zile kurasa unazofungua kwenye kivinjari cha mtandao, vilivyosongamana pale juu hata majina hayasomeki. Naibu akakohoa. "Ndugu wazazi, dunia imebadilika." Akafungua kichupo kipya, akaandika herufi moja tu: m. Nia yake ilikuwa matokeo.

Kivinjari hakina adabu. Kipe herufi moja, kitakutajia yote uliyowahi kukinong'oneza usiku kwa herufi hiyo. Ukuta ukajaa:

mafuta ya kuotesha nywele
mkopo bila dhamana
mkopo bila dhamana leo leo
mke akigundua una mkopo

Kuna mama muuza samaki ambaye husoma kwa sauti kila anachokiona, hata bango la dawa ya panya. Alikuwa nyuma kabisa. Akaanza kusoma, pole pole, kwa lafudhi safi ambayo wanafunzi wangu wananinyima. Alipofika mstari wa nne akanyamaza, akageuka. Ukumbi mzima ukageuka naye. Safu ya pili, na gauni lake la kijani la gomesi, alikuwa ameketi mke wa naibu.

"Funga, mzee, funga!" nikanong'ona. Akabofya alama ya kufunga. Kichupo kikaondoka, cha pili kikasogea pale pale chini ya kidole. Akabofya tena, na tena, kidole kimeshapata wazimu, mpaka matokeo nayo yakaenda na maji, na vichupo vingine viwili nyuma yake.

Nikamwambia, bonyeza Ctrl, Shift na T kwa pamoja, kilichofungwa kinarudi. Kweli vikarudi. Lakini havirudi kwa heshima ya mtu, vinarudi kwa zamu: kilichofungwa mwisho ndicho cha kwanza kufufuka. Ukaja ukurasa wa mkopo. Mama akasoma riba. Naibu akabonyeza tena, kikaja kichwa cha mzungu kabla ya mafuta na baada ya mafuta. Matokeo yalipofufuka hakuna aliyeyatazama. Mzee mmoja akanyoosha mkono, nikadhani anauliza hesabu za mwanawe.

"Mwalimu, hayo mafuta, yanafanya kazi?"

Sote tukamtazama naibu kipara.

Sasa nauliza, semina nzima, hakuna hata mtu mmoja wa kusema: mwalimu, kazi ya shule ifungulie wasifu wake peke yake kwenye kivinjari, wenye historia yake, usichanganye darasa na madeni? Mambo ya mkopo yatafutie kwenye hali fiche, kompyuta haitayaweka kumbukumbu. Bonyeza F11, ukurasa ujaze ukuta, vichupo vijifiche. Bure, haidai shilingi! Lakini hapana, tupewe Kahoot.

Mwalimu wa historia mpaka leo anatafuta neno kwenye mtaala kwa kuteremsha ukurasa mmoja mmoja, Ctrl na F zipo hapo zinamtazama. Mkuu nilimweleza habari za programu ya Kiwix, kwamba Wikipedia ya Kiswahili unaipakua mara moja kisha unaisoma bila mtandao. Akaniuliza ina mhuri wa wizara. Nami nikiandika maandalio, kompyuta inanipigia mistari myekundu chini ya kila neno. Baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, waraka haujaifikia.

Na nyumbani ni vita vingine. Nikikaa kitandani simu inanikaribisha Kenya. Nikienda chooni narudi Uganda. Ikivuka mpaka hivyo, bila pasi wala kuniuliza, salio linayeyuka, kwa hiyo maandalio ya kidijitali nayaandikia mlangoni mwa choo, ndiko nchi yangu ina nguvu. Mwenye nyumba ameniona hapo na laptopu, sasa anataka kupandisha kodi. Anasema nyumba yake ina mitandao ya nchi mbili.