Shoti ya Umeme Mbele ya Mama Mkwe

Cheti cha hospitali ninacho mpaka leo, kimekunjwa mara nne ndani ya kava la simu, na kinasema nilipigwa na shoti ya umeme. Sikupigwa na shoti. Nilikuwa namwigiza mzee mmoja wa Australia.

Haya yote yaliletwa na shemeji. Ni kaka wa mke wangu, mtu wa Tanga, na kwa muziki wa dansi haambiliki. Kila tukikutana kazi yetu ni moja: yeye ananipigia nyimbo zake, mimi nampigia zangu, na kila mmoja anamwonea mwenzake huruma. Yeye Msondo, bendi kongwe ya dansi, mimi roki. Roki niliipata utotoni kwenye kanda za baba mdogo aliyekuwa baharia, kanda zilizochakaa mpaka maandishi yamefutika, kwa hiyo nyimbo nyingi nilizipenda miaka kumi kabla sijajua zinaitwaje. Mtaani walisema ni mashine ya kusaga. Siwalaumu. Kwa redio ile ya baba mdogo, hata Marijani Rajab angesikika kama mashine ya kusaga.

Basi Idd ya kuchinja ya mwaka 2024 tukaenda Tanga. Pilau tumekula, mikanda tumelegeza, tumebaki sebuleni mimi na shemeji, ubishi ukaanza: wanamuziki gani wazee ndio kiboko?

Nikaanza na Mick Jagger. Nikamwambia huyu bwana mwezi ujao anatimiza miaka 81, na hivi tunavyoongea yuko Marekani anakimbia jukwaani na bendi yake ya roki, Rolling Stones. Mwaka 2019 alifanyiwa upasuaji wa vali ya moyo, na haikutimia miezi mitatu akawa Chicago anakata kiuno. Na ziara yenyewe ya mwaka huu imedhaminiwa na AARP, chama cha Wamarekani wa miaka 50 na kuendelea.

"Yaani chama cha wazee kimedhamini dansi?" shemeji akauliza.

"Ndiyo."

"Basi hao ni Msondo tu. Endelea."

Nikamletea Keith Richards, mpiga gitaa wa bendi hiyohiyo, aliyeanguka mtini kule Fiji mwaka 2006, akapasuliwa kichwa New Zealand, na mpaka leo gitaa hajaliweka chini.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Sitini na miwili."

"Mtini alifuata nini? Madafu?"

Hapo sikuwa na jibu. Shemeji akaegemea kochi, akajichokonoa meno taratibu kama mtu mwenye karata ya mwisho, kisha akaitupa: "Bi Kidude, wa taarabu ya Zanzibar."

Nikanyamaza. Utasema nini mbele ya Bi Kidude? "Huyo Jagger wako umri wake unaujua mpaka siku," akasema. "Bi Kidude umri wake watu wanakisia tu. Na alipanda jukwaa mpaka Ulaya, anapiga ngoma, anaimba, akishuka anawasha sigara."

Ningekuwa mtu mwenye akili ningekubali yaishe. Badala yake nikatoa simu, nikaunganisha na spika, nikamwonyesha Angus Young, mpiga gitaa wa AC/DC, bendi ya roki ya Australia, video ya mwezi uliotangulia kutoka Gelsenkirchen, Ujerumani. Miaka 69. Amevaa sare ya shule: kaptura, koti, tai. Anaruka kwa mguu mmoja, mwingine kautupa mbele, kichwa kinadonoa kama cha kuku, na mikono haikosei hata nukta moja. Mwendo ule wa bata ni urithi wa Chuck Berry, mkongwe wa roki wa Marekani, ambaye naye alikuwa akipiga klabuni kwao St. Louis mara moja kwa mwezi mpaka mwaka 2014, ana miaka 87. Haya yote nilimweleza shemeji. Yeye alikuwa ameganda kwenye kaptura.

"AC/DC ndio nini?"

"Umeme," nikamwambia. "Dada yake Angus aliyaona hayo maneno kwenye cherehani ya umeme. Na wazo la sare ya shule ni lake huyohuyo dada."

Mama mkwe alikuwa anapita ukumbini na bakuli la nyama ya jirani. Alisikia "umeme", akatikisa kichwa, akatoka zake. Likumbuke hilo.

Shemeji akairudia video mara mbili. "Hizi ni kamera," akasema. "Mtu wa miaka 69 haruki hivi kwa mguu mmoja."

"Mimi nina 54 na naruka."

Ulimi hauna mfupa. Mgongo unao.

Mtoto wa shemeji yuko darasa la saba, na Mungu amemjaalia mwili. Kaptura yake ya kaki ilinipanda mpaka kwenye mapaja ikagoma hapo, nikaivuta kwa nguvu, kifungo hakikufika, nikaizungushia tai ya shule kiunoni kama mshipi. Gitaa nilikosa. Nikachukua mwiko, ule mkubwa wa sufuria la shughuli, punje za pilau bado zimeganda kichwani. Mke wangu alikuwa uani na mawifi wanaosha vyombo. Mama mkwe yuko kwa jirani. Nikasema weka Thunderstruck, yaani "kupigwa na radi".

Wimbo ule wa mwaka 1990 unaanza na gitaa peke yake, linakwenda mbio kama cherehani ya fundi anayewahi sikukuu. Nikaruka. Wallahi niliruka vizuri. Nilitoka kwenye kabati la vyombo mpaka mlangoni na nikarudi, kijana anashangilia "Anko! Anko!", shemeji kasimama juu ya kochi. Ningeishia hapo, leo ningekuwa na hadithi nyingine. Lakini Angus haishii hapo. Angus hujitupa chini chali, akazunguka sakafuni kwa miguu kama nzi aliyepuliziwa dawa, huku anapiga.

Nikajitupa. Nikazunguka nusu duara. Kiunoni nikasikia kaa! kama mtu kavunja muwa, na kila kitu kuanzia kitovu kushuka chini kikakataa kazi. Nimelala chali, miguu hewani, mwiko kifuani, kaptura imefunguka mshono wa nyuma kutoka juu mpaka chini.

Mlango ukafunguliwa.

Sijui kama unajua maana ya mama mkwe kukuona katika kaptura. Kwa miaka 26 yule mama hakuwahi kuona hata goti langu.

"Yarabi! Kashikwa na nini?"

Mtu wa kueleza alikuwa shemeji. Shemeji alikuwa ameanguka nyuma ya kochi, anacheka mpaka sauti haitoki, machozi yanamtiririka, na kitu pekee alichoweza kutamka kilikuwa: "AC... AC/DC..."

"Umeme!" mama mkwe akapiga ukelele. "Msimguse! Zimeni swichi kuu!"

Nampa haki yake, huduma ya kwanza anaijua. Aliyenaswa na umeme hashikwi kwa mkono, anatenganishwa kwa kitu cha mti. Akaunyakua mwiko kifuani pangu, akaanza kunitenganisha na spika. Kipigo cha kwanza kiwikoni. Cha pili begani. "Achia!" ananiambia. "Achia, baba!" Nami sijashika kitu. Punje za pilau zinaniingia machoni.

Swichi kuu ikazimwa, feni zikasimama, friji likanyamaza. Muziki ukaendelea vilevile, maana spika ile ina betri. Mama mkwe akatazama feni, akatazama spika, akanitazama mimi. Hapo akaamini kuwa huu si umeme wa TANESCO peke yake, akaanza Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya juu, na mwimbaji naye yuko palepale kwenye kiitikio.

"Zima simu!" mke wangu akasema, ametokea uani na povu mikononi. Simu inafunguka kwa uso wangu. Kijana akaniletea usoni. Ikakataa. Kwa jinsi nilivyokunja uso, simu haikunitambua. Akajaribu mara tatu, kisha ikadai namba ya siri, na namba ya siri nilikuwa nimeisahau pamoja na jina langu.

Hospitali nilipelekwa kwa bajaji, nimelazwa mapajani mwa watu watatu, nimefunikwa kanga ya mama mkwe. Daktari alikuwa kijana mdogo. Akafunua kanga, akaona kaptura ya kaki na tai.

"Mzee, unasoma? Elimu ya watu wazima?"

"Nimekuja Idd."

"Chanzo cha kuumia?"

Nilifungua kinywa kusema kweli. Lakini mama mkwe ameketi kando, amenishika mkono kwa mikono yake miwili, analia, anawasimulia wagonjwa wote wodini jinsi alivyoniokoa kwa mwiko. Ningemwambia nini? Kwamba nilivaa kaptura ya mjukuu wake kwa hiari?

"Umeme," nikasema.

Kwa neno hilo moja nikanyolewa kifua, nikabandikwa waya, nikapimwa moyo mara mbili. Moyo mzima kabisa. Cha ajabu, daktari akasema, sijaungua popote, ila nina alama za kupigwa na kitu bapa. Mgongo ukapata sindano mbili na wiki mbili za kulala chali. Shemeji alikuja kuniona siku ya tatu. Hakuomba radhi. Alisimama mlangoni, akafikiri kidogo, akasema, "Lakini lile la kwanza, la mguu mmoja, uliliweza."

Idd el-Fitri ya mwaka 2025 tukarudi Tanga. Tulipoingia, feni zote zimesimama, joto linachemka, watu wanajipepea kwa vifuniko vya hotpoti. Nikadhani umeme umekatika. Mama mkwe akatoka jikoni, kanga begani, mwiko mkononi.

"Karibu, mkwe wangu," akasema. "Simu mpe mkeo, ndipo niwashe."