Sabuni ya Mche na Injini ya Boti

Tulipokaribia Mtanga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, nahodha wa boti yetu alipunguza mafuta ili tuingie ufukweni taratibu. Injini ikazidisha kelele. Akapunguza tena, ikapaa zaidi. Akatugeukia sisi abiria, nasi kila mmoja akatazama upande wake.

Mbele yetu akina mama walikuwa wameanika dagaa mchangani. Nahodha akapiga ukelele wapishe, akachomoa kamba ya swichi. Injini ikazima, lakini boti haina breki. Ilipanda nchi kavu ikasimama katikati ya dagaa wa watu. Mwenye mali akaja na ufagio, akiongea Kiha. Mimi niliambulia maneno machache. Nahodha aliyeyaelewa yote hakuthubutu kujibu. Dagaa wakalipwa, tukasukuma boti, safari ya Mwamgongo ikaendelea.

Sasa injini ilijua mambo mawili tu: kukimbia au kuzima.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi pikipiki kule Mwanga, mjini Kigoma, akaomba kofia ya injini ifunguliwe. Pale inapokaa manifoldi, bomba la kuingizia hewa na petroli, kati ya kabureta na injini, kulikuwa na sauti ya fyuuu. Mzee akaninyang'anya risiti yangu ya mabati, akachana pembeni, akakisogeza kipande hicho penye ile sauti. Kikanyonywa, kikang'ang'ania ufa.

"Inaiba hewa hapa," akasema. "Petroli ni ileile, hewa imezidi, ndiyo maana inapaa hata ukifunga mafuta. Mkiiacha hivi pistoni itakamata."

Mtikisiko ulikuwa umelegeza bolti; moja ilizunguka kwa vidole. Spana namba 10 ikaonekana chini ya kopo la kukumbia maji. Mzee akaelekeza: injini izimwe, uanzie bolti za katikati, uende kimshazari, kidogo kidogo, zote zishike sawa. Katika maelezo yote hayo, kijana wa boti, mwenye kifua cha kubeba magunia, alisikia neno "kaza" tu.

Tak! Kichwa cha bolti kikaruka, kikagonga ubao, kikatumbukia. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal peke yake, na kijana bado akauliza kama kuna mwenye wavu.

"Sabuni!" mtu akapaza sauti. Kweli bwana, tangi la basi likivuja njiani huzibwa kwa sabuni ya mche, kwa nini isiwe manifoldi? Na mama mmoja alikuwa na mche mzima mapajani.

"Mnataka cha mia tano au cha elfu?" akauliza.

"Mama, tuko katikati ya maji!"

"Hata sabuni iko katikati ya maji. Nauli yake nimelipa."

Kikakatwa cha mia tano kwa uzi wa kuvulia, mzee akakishindilia kwenye ufa kwa dole gumba. Injini ikawashwa, ikatulia kabisa. Tukapiga makofi. Kidogo tu sabuni ikameguka, fyuuu ikarudi. Kikanunuliwa kingine. Nacho kikameguka. Mwishowe mama akahamia nyuma, akakaa ubavuni mwa injini na mche wake, akiziba mwenyewe na kuhesabu kwa sauti: "Elfu na mia tano... elfu mbili..." Nahodha akajaribu kuomba bei ya jumla. Mama akaondoa kidole, injini ikapiga kelele, mazungumzo yakaishia hapo.

Tukapita hifadhi ya Gombe hivyohivyo, mara tunanguruma, mara tunanong'ona. Sokwe wa kule wamezoea kutazamwa na watu tangu mtafiti Jane Goodall alipofika mwaka 1960. Siku ile nadhani walikaa wakatutazama wao.

Mwamgongo tuliingia kwa adabu, bila kugusa dagaa wa mtu. Hesabu ikafanywa palepale gatini: ukitoa nauli ya mama kwenye deni la sabuni, nahodha bado anadaiwa. Akalipa huku anaangalia pembeni. Mama akafunga noti kwenye pindo la kanga, akauliza boti inarudi Kibirizi tulikotoka saa ngapi kesho, maana dukani kuna miche mingine.